Kizungu kingi ambacho hakikufika

MWAKA wa 2009 nilikuwa likizoni nyumbani, viungani mwa Kitale, shangazi yangu aliponijia na karatasi aliyoikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la leso. Yeye na wanawake wengine watatu wa chama chao walikuwa wakikopa Sh400,000 kutoka kwa shirika moja la mikopo ili wanunue mashine ya kusaga mahindi. Fomu ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Shangazi alisoma hadi darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, mtu aliyepata alama ya A katika somo la Kiingereza kidato cha nne, na pale kijijini nilisifika kwa kukimwaga ung’eng’e.

“Nisomee, mwanangu,” akaniambia. “Nataka nijue natia sahihi wapi.”

Nilimsomea kifungu baada ya kifungu huku nikitafsiri papo kwa papo. Tulipofika palipoandikwa kwamba wakopaji wote wanne watawajibikia deni hilo “jointly and severally”, alinisimamisha.

“Hiyo severali ndiyo nini?”

“Ni mara kadhaa, shangazi. Yaani mtalipa kwa pamoja, tena kwa awamu kadhaa.”

Sikupepesa jicho. Shangazi akapiga hesabu yake: laki nne kwa watu wanne ni laki moja kila mtu, tena kwa awamu. Mambo si ndiyo hayo! Akatia sahihi.

Mashine ilisaga kwa mwaka mmoja na miezi michache. Kisha injini ikafa, mmoja wa wale wanawake akafariki, mwingine akahamia kwa mwanawe Mombasa, na wa tatu akaapa kwamba hana kitu. Deni lilikuwa limebaki Sh230,000. Shangazi alikuwa amekwisha kulipa fungu lake lote, lakini ndiye aliyekuwa na ng’ombe, na kwa hivyo ndiye aliyefuatwa. Nilimpigia simu ofisa wa lile shirika nikiwa nimejaa hasira za kisomi. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema kwa upole, “Mwalimu, hebu soma fomu tena.” Niliisoma tena, safari hii kamusi ikiwa mkononi.

Neno “severally” maana yake ni kila mmoja peke yake. Wakopaji wanaowajibika “jointly and severally” wanadaiwa kwa pamoja, na papo hapo kila mmoja wao anadaiwa deni zima kana kwamba alikopa peke yake. Mkopeshaji anaweza kumfuata yeyote kati yao kwa kiasi chote kilichobaki. Atakayelipa ndiye atakayehangaika kuwatafuta wenzake ili wamrudishie mafungu yao. Shangazi aliuza ng’ombe wawili wa gredi na kukodisha ekari moja ya shamba kwa misimu mitatu. Wenzake hawakumrudishia hata ndururu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipikia chai kwanza, kisha akasema, “Mwanangu, Kizungu chako ni kingi, lakini hakikufika.”

Nimeitafuna kauli hiyo kwa zaidi ya mwongo mmoja. Leo naomba, msomaji wangu, unistahimili niichambue katika safu ambayo kwa kawaida huzungumzia Kiswahili. Nina sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunaosoma gazeti hili la Kiswahili hutia sahihi karatasi za Kiingereza karibu kila mwezi. Pili, umbali uliopo kati ya Kizungu kingi na Kizungu kinachofika ni ule ule uliopo katika lugha yoyote, Kiswahili kikiwamo. Anayejua njia ya kuuvuka kule anaweza kuuvuka huku.

Naanza na istilahi. Mtu anayezungumza bila kukwama, anayehutubia mkutano, anayeandika barua na tasnifu na kueleweka, nitasema ana ufasaha. Mtu anayejua kila neno analotumia lina uzito gani, linaandamana na nani na linageuka vipi likiingia katika chumba kingine, nitasema ana umahiri. Baraza la Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2001 unaotumika kupima lugha katika nchi nyingi, lilizigawa ngazi za ujuzi katika vidato sita, kuanzia A1 hadi C2. Kutoka A1 hadi C1 mtu huona maendeleo kila msimu, maana kila mwezi anajua jambo ambalo mwezi uliopita hakulijua. Kutoka C1 hadi C2 wengi huanza safari wasifike, na aghalabu hawajui kwamba hawajafika.

Ugumu wa ngazi hiyo ya mwisho haukuanza leo. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha mtihani wake wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni mwaka wa 1913. Mtihani huo ulichukua saa 12, na ndani yake mlikuwa na tafsiri, insha na hata fonetiki. Watahiniwa walikuwa watatu. Wote watatu walianguka.

Kwa nini ngazi hii inawashinda watu ambao zile za chini walizipanda mbio mbio? Mwanaisimu Mmarekani Larry Selinker, katika makala yake ya mwaka wa 1972, alieleza kwamba lugha ya mtu anayejifunza lugha ya pili hufika mahali ikaganda. Makosa fulani hukauka ndani yake kama nyayo zilizokanyagwa kwenye simiti mbichi, na hata akifundishwa upya humrudia tu. Zipo sababu nyingi zinazotajwa, ila mimi nimeiona moja kwa macho yangu: anayeeleweka hasahihishwi. Mtoto wa darasa la pili akikosea, mwalimu anamkosoa. Profesa akikosea, wasikilizaji wanaelewa alichokusudia, wanatikisa vichwa na mkutano unaendelea. Katika miaka yangu yote ya kusema “severally” nikimaanisha “mara kadhaa”, hakuna hata mtu mmoja aliyenisimamisha. Wangenisimamishaje? Wao wenyewe walisema vivyo hivyo, na walimu wangu, na wabunge, na watangazaji wa redio.

Hapa lazima nijihadhari nisije nikaonekana kama askari wa sarufi anayewinda Wakenya barabarani. Kiingereza cha Kenya kipo, kina haki ya kuwapo, na ndani yake “severally” ni “mara kadhaa”. Mwenzako akikuambia kwa Kiingereza hicho kwamba amekupigia simu “severally” usishike, mmeelewana na hakuna aliyeibiwa. Tatizo liliingia neno lile lilipotoka kwenye ukumbi wetu na kuingia chumba cha mwanasheria. Kule lilikuwa na maana nyingine ya kale, tena yenye meno. Aliye mahiri hujua maana zote mbili na hujua yuko katika chumba gani. Mimi nilijua moja nikadhani ndiyo yote.

Kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyadhania kuwa umahiri, nami ningependa kuyaondoa njiani kwanza. La kwanza ni lafudhi. Tunao vijana, na wazee pia, wanaotumia nguvu nyingi kutwengi, wakiibana pua ili wasikike kama waliozaliwa Texas. Basi namkumbuka Joseph Conrad. Alizaliwa mwaka wa 1857 katika familia ya Kipolandi, Kifaransa kikawa lugha yake ya pili, na Kiingereza alianza kukiokota kwa mabaharia akiwa tayari na umri wa miaka 20 hivi. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa mwaka wa 1895, na leo anahesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Kiingereza. Hadi kufa kwake mwaka wa 1924, alizungumza Kiingereza kwa lafudhi nzito ya Kipolandi iliyowafanya wageni wake washangae. Kalamu ilikuwa imefika mahali ambapo ulimi haukufika, wala hakuna msomaji aliyemdai ulimi.

La pili ni maneno makubwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniandikia barua akisema angependa “to interrogate me” kuhusu alama zake. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikamwita. Maskini, alikuwa akitafuta heshima! Alidhani neno refu ni neno la adabu, naye akajikuta ameninyakua na kunitia rumande.

Kosa la kijana huyo linatupeleka kwenye sifa ya kwanza ya umahiri, nayo ni kujua uzito wa maneno. Mwaka wa 1066 Uingereza ilitekwa na watawala kutoka Normandy, Ufaransa, na kwa karibu karne tatu Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, mahakama na mabwanyenye, Kilatini kikiwa lugha ya kanisa na usomi. Mkulima aliendelea na Kiingereza chake shambani. Ndiyo maana mnyama akiwa zizini ana jina la Kiingereza, “cow”, na akifika mezani kwa bwana anakuwa na jina lililotoka kwa Kifaransa, “beef”. Ndiyo maana pia kuuliza kuna ngazi tatu: “ask” la Kiingereza cha kale, “question” lililopitia Kifaransa, na “interrogate” la Kilatini. La kwanza ni la rafiki, la pili linaanza kushuku, la tatu ni la polisi. Kamusi ndogo ya mfukoni itakuambia yote matatu ni “kuuliza”.

Mswahili hapaswi kushangazwa na hilo, kwa kuwa lugha yetu pia ni ya tabaka. Tuna “kufa” la Kibantu, tuna “kufariki” lililotoka Kiarabu, tuna “kuaga dunia”. Rudi juu kidogo utazame nilivyoandika: injini ilikufa, mwanamke akafariki. Ningeandika kwamba injini ilifariki, ungecheka. Ningeandika kwamba mama wa watu alikufa, huenda ungeona sina adabu. Hakuna aliyekufundisha kanuni hiyo darasani. Umeisikia tangu utotoni. Mtu mahiri katika Kiingereza ni yule anayeweza kucheka na kukereka mahali panapostahili katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo.

Sifa ya pili ni kujua maneno huandamana na nani. J. R. Firth, aliyekuwa profesa wa isimu jijini London, alisisitiza katika maandishi yake ya miaka ya 1950 kwamba maana ya neno tuitafute kwa kutazama maneno linayozoea kukaa nayo. Wahenga wetu walikwisha kusema kuhusu ndege wa bawa moja. Kwa Kiingereza chai huwa “strong”, wala haiwi “powerful”, ingawa injini yaweza kuwa “powerful” na maneno hayo mawili yote tunayatafsiri kama “yenye nguvu”. Kwa nini? Hakuna kwa nini. Ndivyo wenyewe wanavyosema.

Na sisi je? Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya. Katika yote hayo hakuna anayeumia. Mjerumani anayejifunza Kiswahili atafika ngazi ya juu kabisa ya sarufi, ngeli zote kazimeza, kisha aseme “nafanya simu” na “nachukua picha”. Tutamwelewa, tutatabasamu, na hatutamsahihisha. Nasi tukienda kwake tunakuwa kama yeye. Tunasema Kiingereza kisicho na kosa la sarufi, huku kila neno likikaa kando ya jirani lisilomjua.

Sifa ya tatu iko katika vineno vidogo. Anayetafuta umahiri hukimbilia maneno ya silabi tano, ilhali siri imelala katika maneno ya herufi moja, mbili na tatu. Chukua “a” na “the”. Shahidi aliyeandika katika taarifa yake kwamba aliona “a man” karibu na duka lililovunjwa amesema aliona mwanamume fulani. Aliyeandika “the man” amesema aliona yule mwanamume, yule tunayemzungumzia, yule aliye kizimbani. Herufi chache, na kesi imegeuka.

Walimu wetu walituambia kwamba Kiswahili hakina vitu hivyo, na kwa hivyo tuvikariri tu. Hawakutuambia kwamba kazi yenyewe Kiswahili huifanya kwa njia nyingine. Linganisha “nimeona gari” na “nimeliona gari”. Sentensi ya kwanza yaweza kuwa gari lolote lililopita. Ya pili ni lile gari, tunalijua wewe na mimi. Kiambishi “-li-” kinabeba sehemu ya mzigo ambao Mwingereza ameutwika “the”. Tangu nilipoanza kuwafundisha wanafunzi wangu kwa njia hiyo, wameacha kubahatisha. Vivyo hivyo kwa vineno vinavyofuata vitenzi. Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi: piga, pigia, pigana, pigisha. Mwingereza anaacha kitenzi kilivyo na kukipachika kineno nyuma: “put off” ni kuahirisha, “put out” ni kuzima moto, “put up with” ni kuvumilia. Anayesema “pick the phone” badala ya “pick up the phone” ni kama Mzungu anayesema “nimempiga simu mama yangu” akikusudia “nimempigia”. Tunajua alichotaka kusema, ila tunamhurumia mama.

Sifa ya nne ni ile iliyoniponyoka mimi: kujua vyumba. Hata wenye lugha yao hukwama hapa. Winston Churchill alisimulia katika historia yake ya Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza na Marekani walivyozozana kuhusu hati moja. Waingereza walitaka “to table it”, yaani iwekwe mezani ijadiliwe mara moja. Kwa Wamarekani, “to table” ni kuiweka kando na kuisahau. Walibishana kwa muda mrefu na kwa uchungu kabla ya kugundua kwamba walikubaliana tangu mwanzo. Bunge letu limerithi maana ya Kiingereza cha Uingereza, kwa hivyo Mkenya anayefanya kazi na Wamarekani ana sababu ya kuwa macho.

Wakati mwingine chumba kinabadilika kwa sababu utamaduni umebadilika. Siku moja jijini London mzee mmoja alijikwaa kwenye ngazi mbele yangu, nami nikamwambia “sorry”. Alinitazama kwa mshangao akasema, “Lakini hukunisukuma.” Mimi nilikuwa nikisema “pole” kwa neno ambalo yeye alilisikia kama “samahani”. Kiswahili kina maneno mawili ambapo Kiingereza mara nyingi hulitumia moja, nasi Wakenya tumeiazima “sorry” na kuitwisha mizigo yote miwili. Kwenye ngazi ni jambo la kutabasamu. Muuguzi wetu aliyeajiriwa Uingereza akimwambia hivyo mgonjwa aliyeanguka kitandani, huenda baadaye akaulizwa ni kwa nini aliomba radhi ikiwa hakuwa na kosa.

Basi mtu afanyeje? Sina dawa ya usiku mmoja. Nina mazoea manne ambayo nimeyashika tangu siku niliyosoma ile fomu kwa mara ya pili.

La kwanza ni kuyashuku maneno ninayoyajua. Neno nisilolijua halina hatari kubwa, kwa sababu litanisimamisha lenyewe na kunipeleka kwenye kamusi. Lililomponza shangazi ni neno nililokuwa na uhakika nalo. Nina daftari dogo ambalo nimeliita “Nilidhani najua”. Kila wiki naandikamo neno moja la kawaida ambalo nimelihakiki na kukuta sikulijua lote. Ukurasa wa kwanza una neno moja tu, nawe unalijua.

La pili ni kutumia kamusi iliyotungwa kwa ajili yetu. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza nchini Japani, na kwa kuwa aliona wanafunzi wake wanajua maana za maneno wasijue kuyatumia, yeye na wenzake walitunga kamusi ya kuonyesha kila neno linaingiaje katika sentensi. Ilichapishwa Tokyo mwaka wa 1942, na Oxford wakaitoa upya mwaka wa 1948. Vitukuu vya kamusi hiyo vimejaa kwenye rafu za maktaba zetu. Wengi wetu huvifungua kutafuta maana na kuvifunga kabla ya kusoma mifano, na hazina yenyewe imo kwenye mifano.

La tatu ni zoezi nililolisoma katika tawasifu ya Benjamin Franklin. Akiwa kijana katika kiwanda cha uchapishaji cha kakake mjini Boston, alichukua makala nzuri za jarida moja la London, akaandika vidokezo vifupi vya kila sentensi, akaziweka kando siku kadhaa, kisha akajaribu kuziandika upya kwa maneno yake na kulinganisha na asili. Kila palipotofautiana palimfundisha kitu. Tazama: Franklin alizaliwa na Kiingereza kinywani na bado alijitia mazoezini. Sisi tuna zoezi bora kuliko lake, kwa sababu tuna lugha mbili. Katiba yetu ya 2010 ipo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Chukua kifungu kimoja cha Kiswahili, kitafsiri kwa Kiingereza bila kuchungulia, kisha fungua nakala ya Kiingereza. Kisha urudi kinyume. Ukifanya hivyo kwa nusu saa kila Jumamosi, utakutana na ujinga wako uso kwa uso, na Kiswahili chako pia kitanenepa.

La nne ndilo gumu zaidi: kutafuta mtu wa kukusahihisha. Nimekwisha kusema kwamba anayeeleweka hasahihishwi. Kwa hivyo inabidi aombe. Nina mwenzangu mmoja katika idara ambaye tumewekeana ahadi. Mimi namkosoa Kiswahili chake, naye ananikosoa Kiingereza changu, kwa kalamu nyekundu, bila huruma wala kinyongo. Mara ya kwanza karatasi yangu iliporudi ikiwa nyekundu kama nyanya, sikumsalimia kwa siku mbili. Nilikuwa na shahada tatu wakati huo.

Kuna jambo moja ambalo mazoea hayo yote hayatalitatua, nami sitaki kulifunika. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi zote mbili. Lau ile fomu ingeandikwa kwa Kiswahili, kwamba kila mmoja wenu anaweza kudaiwa deni lote peke yake, shangazi asingehitaji mpwa msomi. Angeielewa, na namjua, asingetia sahihi. Kuwataka wananchi wote wawe mahiri wa Kiingereza ili wajilinde dhidi ya karatasi ni kumwambia asiyejua kuogelea kwamba mto una kina, ilhali daraja lingeweza kujengwa. Lakini hadi daraja lijengwe, sisi tuliobahatika kusoma ndio tunaoitwa kuwavusha wenzetu. Tunaitwa majikoni, kwenye mazishi, nje ya milango ya mahakama. “Nisomee, mwanangu.” Kila tunaposoma kwa haraka na kwa majivuno, kuna mtu anayetia sahihi.

Mwaka juzi shangazi aliniita tena. Sasa ni mzee, macho yamepunguza nguvu, na binti yake alikuwa ameletewa mkataba wa kukodishia kampuni moja kipande cha shamba. Kurasa tisa, Kiingereza kitupu. Niliketi pale pale, kwenye kiti kile kile. Nilisoma hadi ukurasa wa nne nikasimama kwenye sentensi moja ambayo kila neno lake nalijua.

“Shangazi,” nikasema, “hapa sina uhakika. Niachieni karatasi hizi siku mbili. Kuna wakili mmoja ninayemjua, nitamuuliza.”

Alinitazama kitambo, kisha akamgeukia bintiye. “Mwongezee mwalimu chai,” akasema. “Siku hizi anasoma.”